Kivuli cha Nyumba Yangu

Ijumaa ya pili ya Shaaban mwaka huu, adhana ya adhuhuri ikiwa haijamalizika, nilimpoteza mke mwenzangu. Wanawake waliokuja kunipa pole walinikagua usoni. Mmoja, mwenye duka la mitandio, aliniinamia sikioni akasema sasa ua wote ni wangu, nipumue. Nilimmiminia chai. Alilosema niliwahi kuliombea, na siwezi kujifanya sikuliombea.

Jina lake sitaliandika. Hata alipokuwa hai sikulitumia. Mimi nilimwita Mkubwa, yeye akaniita Mdogo, na kwa miaka ishirini na miwili tuliishi na majina hayo mawili ndani ya ua mmoja hapa Garissa. Yeye alikuwa Msomali, mtu wa wafugaji. Mimi ni mtu wa mtoni. Kwetu tunalima kando ya Tana. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Changu nilikipata shuleni mpaka darasa la nane. Chake alikiokota sokoni, na alikisema anavyotaka, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nikimkumbuka, siuoni uso wake kwanza. Naona majani. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ukanda wa ardhi, hatua kumi na mbili kwa tatu. Upande mmoja ni baraza yake, upande wa pili ni ukuta wa nyumba yangu ya ghorofa, na juu roshani yangu imetokeza ikaufunika. Kivuli cha pale si cha mti, ambacho jua hupenya likachezacheza chini. Ni kizito. Ukitoka barabarani saa saba mchana ukaingia pale, unasimama kwanza mpaka macho yazoee. Hapo ndipo alipofanya bustani ambayo watu walikuja kuitazama kutoka mitaa mingine, na hapo ndipo nilipoupata wivu wangu mkubwa.

Kivuli kile nilikileta mimi, na afadhali niseme mapema. Mume wetu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, wiki mbili yuko Mandera, wiki moja yuko hapa. Aliponioa alitaka kunijengea upande mwingine wa mtaa, kwenye kiwanja chake cha pili. Nilikataa. Nilitaka ua uleule, tena mbele, ili anayeingia langoni auone mlango wangu kwanza. Na nilitaka ghorofa. Mkubwa alikuwa na nyumba ya chini, na mbele ya baraza yake palikuwa na mkomamanga mmoja na miwaridi mitatu ndani ya mitungi iliyovunjika. Mkomamanga ulikatwa ili msingi wangu uchimbwe. Ukuta ulipopanda, jua likaondoka barazani kwake, na miwaridi ikafa mmoja baada ya mwingine. Mume wetu alimwambia asihuzunike, ni kivuli tu, na katika mji huu kivuli ni neema. Nilikuwa nimesimama karibu na ngazi ya mafundi nikisikiliza. Mkubwa alimwomba fundi amwachie gogo la mkomamanga, akalikalia.

Alilikalia karibu mwezi mzima. Nilidhani ananinunia. Kumbe anapima. Kila baada ya swala alichukua kipande cha makaa akachora mstari pale mwanga ulipofika. Saa ya ukutani hakuijali, lakini swala alizijua, na kwa swala alijua jua linaingia wapi na linatoka lini. Mistari hiyo aliichora kwenye ukuta wangu, uliokuwa umepakwa rangi ya krimu wiki hiyohiyo. Nilishuka na ndoo na kitambaa. Aliniambia nisubiri mwezi uishe, atafuta mwenyewe. Alifuta kweli. Aliusugua ukuta kwa magadi mpaka rangi ikatoka pamoja na makaa, na doa lile lipo mpaka leo.

Mistari ilimwambia kwamba ukanda mzima haupati jua, ila kona moja karibu na lango, ambako mwanga huingia baada ya adhuhuri na kuondoka kabla ya alasiri. Kona hiyo akaipa nanaa ya chai. Sehemu iliyobaki akaanza kuitafutia wakazi.

Hakuwa akiuliza mmea unaitwaje. Aliuliza umelala wapi. Siku moja nilimsindikiza kwa wauza miche walio kwenye barabara ya kwenda darajani, na ninakumbuka aibu niliyoiona. Aliyapita maua yote yaliyopangwa mbele, mekundu na ya njano, akaenda nyuma ya kibanda, akainama chini ya meza mpaka nikaona nyayo zake tu. Kule chini muuzaji alikuwa amesahau vifuko vyeusi vilivyokosa mnunuzi. Kilichokuwa bado kijani pale gizani, alikichukua. Muuzaji alicheka, akamwambia mama, hizo ni takataka, chukua bure.

"Hii takataka imekaa chini ya meza na haijakufa," alimjibu. "Hiyo maua yako ikikaa siku mbili kwangu, tutaisomea Yasini."

Huo ndio ulimi wake. Muuzaji aliyapenda yale maneno, na tangu siku hiyo akawa anamwekea kila mche usiouzika.

Madereva wa mume wetu nao aliwatuma. Kutoka vichaka vya Tarbaj walimletea mkonge wa porini, ambao kwao unaitwa hig, wenye majani magumu yaliyosimama kama panga na mistari ya kijivu. Alisema alipokuwa mdogo akichunga mbuzi aliuona umeota chini ya vichaka ambavyo hata mchana mbuzi hawaonekani wakiingia. Sokoni alinunua tangawizi na manjano, si ya kupika, akazika vipande vyake ardhini vikatoa majani marefu. Alikuwa na ule mmea wa kutambaa ambao watu wa Nairobi huuweka ndani ya chupa; yeye aliuachia ukuta wangu. Akiwa na nafasi ya kuchagua kati ya jani la kijani tupu na jani lenye mabaka meupe, alichukua lenye mabaka, akalipanda mwisho kabisa, pale penye giza zaidi. Alisema hiyo ndiyo taa yake. Nilicheka, lakini nilipopita baadaye niliona kweli kona ile imepata kama mwanga.

Na hakupanda kitu siku kilipofika. Kila mche aliuweka ndani ya kifuko chake, mahali alipokusudia, akauacha hapo mwezi mzima kama mgeni anayepimwa tabia. Ukinyauka, aliusogeza hatua mbili. Ukinyauka tena, aliurudisha kwa muuzaji. Hakuulazimisha. Sijui kama ningesema hivyo kuhusu watu. Binti yake wa pili alimlazimisha kuolewa Eldas na mtu ambaye msichana hakumtaka, na hakuna mwezi wala kifuko. Msichana alirudi baada ya mwaka. Mkubwa alimfungulia mlango, akampikia, na wala hakukiri kwamba alikosea. Alikuwa mpole na majani kuliko alivyokuwa na damu yake. Nasema hivi si kumvunjia heshima. Nasema kwa sababu ningependa asikumbukwe kama malaika ambaye hakuwa.

Mimi pia nilipanda. Nusu ya ukanda iliyogusa ukuta wangu nilidai ni yangu, na mume wetu, ambaye alichukia kelele, akakubali. Nilijiambia mimi ndiye mkulima hapa, yeye ni mtu wa mbuzi. Nilipanda waridi, nikapanda mrehani, nikapanda mchicha na nyanya, kila nilichokipenda kwetu. Vilirefuka kwanza, vyembamba, vikiinama kuelekea langoni kama watu wanaosubiri gari, kisha vikalala. Nikaongeza samadi. Vikalala haraka zaidi. Nikapanda mara ya pili na ya tatu. Mkubwa alikuwa akipita na birika lake akitazama tu, mpaka siku alipomwona mume wetu amekaa karibu.

"Mdogo," alisema, "wewe ni mtu wa mto. Umeshindwa na mchicha?"

Mume wetu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilipanda ngazi nikajifungia. Lililonichoma halikuwa lile neno. Ni kwamba alicheka naye, vile watu waliozeeka pamoja hucheka, na mimi sikuwa na mzaha hata mmoja ambao ni wetu wawili.

Kitu kilichonimaliza zaidi ni magimbi. Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka mtoni na gunia la magimbi ya kupanda. Nilikuwa nimekasirika na ardhi wakati huo, nikayaacha guniani barazani yaoze. Mkubwa aliniomba matatu. Nilimpa, kwa sababu mama alikuwa akitazama. Baada ya miezi miwili majani yake yalikuwa makubwa kama masinia, na matone ya maji yakikaa juu yake kama zebaki. Mama alipokuja tena, alipita mlangoni kwangu akaenda moja kwa moja kwenye ule ukanda. Walikaa huko hadi alasiri, mama yangu na mke mwenzangu, wakishikashika majani, mmoja hajui Kisomali na mwingine hajui lugha ya kwetu. Nilipeleka chai mara mbili. Hakuna aliyeniambia nikae.

Siri ya magimbi yale haikuwa siri. Ilikuwa ni udhu. Mkubwa alikuwa na utaratibu kwamba mtu yeyote katika ua anayetawadha, atawadhe pale pale, juu ya mawe aliyoyapanga kati ya mimea. Aliweka mabirika manne ya plastiki na kigoda cha chini. Mume wetu alitawadha pale, wageni wake, watoto wangu na wake, madereva. Mara tano kwa siku maji yale machache ya kila mtu yaliingia ardhini, hayana sabuni, hayana chumvi ya jikoni, na hakuna tone lililotoka nje. Katika mji ambao maji mengine huja kwa mkokoteni wa punda, yeye alimwagilia bustani bila kumwaga maji. Alikuwa mkali kwa hilo. Akimwona mtoto anachezea birika, alimwambia maji ya udhu yatasimama siku ya hisabu yakamshtaki. Lakini mkaa aliuchoma ovyo, taa aliziacha zikiwaka mchana, na sukari katika chai yake ilikuwa ya kukata na kisu.

Na mtu akishatawadha pale, hakuondoka. Hapo ndipo palipokuwa na matatizo yangu. Alitawadha, akaswali msikitini, akarudi kufuata viatu au kofia aliyosahau, akakaa. Pale palikuwa baridi. Upepo wa Garissa ni wa tanuri, lakini ukipita katikati ya majani yale yenye maji ulifika usoni ukiwa kitu kingine. Mume wetu aliweka kiti chake cha kamba pale. Katika wiki yake moja ya kuwa nyumbani, siku zake zilizokuwa zangu kwa haki, alilala kwangu na kula kwangu, lakini alasiri zake zote zilikuwa za Mkubwa. Sheria hugawa usiku, haina alasiri. Ningemshtaki kwa nani? Nilikuwa nasimama kwenye roshani yangu, roshani niliyoitaka mwenyewe, na chini yangu nasikia sauti zao na sioni kitu ila majani.

Hapo nikafanya jambo.

Nilimwambia mume wetu kwamba amekuwa mtu mzima, magoti yake hayafai kuinama kwenye kigoda, na wageni wake wanastahili heshima. Nikasema nataka kujenga mahali pa kutawadhia, upande wa mbele karibu na mlango wangu, penye mifereji minne, viti vya saruji na vigae vyeupe. Nikasema nitatoa kutoka kwa faida ya biashara yangu ya nguo, iwe sadaka yangu. Nani angekataa? Imamu alisikia akaniombea dua. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama vigae. Fundi aliniuliza maji machafu yaelekee wapi, akasema anaweza kupitisha bomba chini ya baraza yakaenda kwenye bustani ya yule mama, ni kazi ya nusu siku. Nilimwambia yaelekee mtaroni, nje ya ua.

Mkubwa alikuwa amekaa kwenye gogo lake, si mbali. Sikugeuka kumtazama.

Magimbi yalianza siku ya tatu. Jani la magimbi likikosa maji halichelewi kusema. Yalikunjika, yakaning'inia kama masikio ya punda mgonjwa. Kisha tangawizi, kisha nanaa. Mkubwa alijaribu kubeba maji kwa beseni, lakini goti lake moja lilikuwa bovu na wanawe walikuwa shuleni au safarini. Baada ya mwezi aling'oa yaliyokufa, akayakatakata akawapa mbuzi wa jirani. Hakulia. Aliugawanya ule mkonge wa porini, ambao haukujua hata kama kuna jambo limetokea, akaujaza kila pengo. Wageni waliposifu vigae vyangu mbele yake, aliitikia dua. Alisema, Mungu amlipe Mdogo kwa nia yake. Maneno hayohayo, kwa nia yake, na kila aliposema nilihisi joto masikioni.

Mume wetu alihamisha kiti chake. Si siku ile, lakini polepole, hatua kwa hatua, kama ile miche ya majaribio, mpaka kikafika mlangoni kwangu. Kwa miaka miwili, mpaka moyo wake uliposimama, alasiri zilikuwa zangu. Nilishinda. Sitasema sikufurahi. Nilifurahi kila siku, na kila siku nikatazama upande ule kuhakikisha hakuna kilichochipuka.

Alipokufa tulikaa eda pamoja, wajane wawili katika ua mmoja, tumevaa nyeupe, miezi minne na siku kumi. Ghorofani kwangu palikuwa hapakaliki. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mimi nikakaa ngazini kwangu, yeye akakaa barazani kwake, na kati yetu ile mikonge. Siku ya sita au ya saba alisema bila kunitazama, akiniita dada kwa lugha yake, "Joto hiyo itakuua, abaayo. Leta mkeka."

Nilileta mkeka. Alinionyesha mahali pa kuutandika, na nikautandika. Baada ya adhuhuri jua likaingia langoni likaja kunipiga usoni, mimi peke yangu, mpaka karibu na alasiri. Katika hatua kumi na mbili za kivuli, alikuwa amenipa ile kona ya nanaa. Nilimtazama. Alikuwa anavuta tasbihi yake, midomo imefungwa vizuri, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Kesho yake nilisogeza mkeka mwenyewe na hakunikataza. Tulianza kuongea hapo, kidogo kidogo, juu ya watoto, juu ya mume wetu na jinsi alivyokuwa anakoroma, juu ya bei za mbuzi. Mara moja aliniuliza kama mama yangu bado ana magimbi. Nilisema mama alishafariki. Alisema anajua, alikuja mazishini. Aliuliza kama magimbi bado yapo. Ningeweza kumwambia siku hiyo habari ya mtaro. Nikamwambia nitaulizia.

Kuna desturi tunayoifanya hapa kabla ya Ramadhani. Watu hupitiana nyumba kwa nyumba, siku hizi hata kwa simu, kila mmoja anasema nisamehe nilichokukosea, ninachokijua na nisichokijua, na mwenzake anajibu nimekusamehe, nawe nisamehe. Sisi wawili tulifanya kila mwaka. Kila mwaka nilisema maneno hayo mlangoni kwake na kila mwaka aliyajibu, na mimi nikarudi kwangu nikijiambia yamekwisha, limeingia humo pamoja na mengine. Nililiacha hivyo mpaka mwaka jana, kwenye darsa la wanawake, ambapo mwalimu alieleza kwamba haki ya mtu haisamehewi kwa jumla. Kama unajua ulichomfanyia, kitaje, akijue, kisha asamehe au akatae. Wanawake wengi walicheka kwa wasiwasi. Mimi nilikuwa nahesabu miaka.

Hata hivyo nilichelewa. Kwanza nikasema nitasubiri apone goti. Kisha ile sukari ambayo alikuwa akiikata na kisu ikamgeukia, figo zikachoka, akawa wa kwenda hospitali na kurudi. Nikasema nisimsumbue mgonjwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa atakataa, na nilikuwa naogopa zaidi atakubali haraka, kama aliyekuwa hajali.

Alhamisi, siku moja kabla ya kufariki, binti yake yule aliyerudi kutoka Eldas aliniita. Alisema mama anakataa kurudishwa wodini na leo ana nguvu ya kuongea, kama nina neno niende. Nilienda baada ya adhuhuri. Alikuwa amelazwa kwenye godoro chini, mlango wa barazani umefunguliwa ili aone nje. Alikuwa amepungua mpaka pete zake zilifungwa kwa uzi. Binti yake akataka kutoka, nikamwambia akae, asikie.

Nilisema lote. Nilisema ile mifereji sikuijenga kwa ajili ya magoti ya mtu. Nilisema fundi alitaka kuleta maji kwake na ni mimi niliyesema yaende mtaroni. Nilisema nilitaka ile bustani ife ili mume wetu ahame, na ilikufa, na akahama, na nikafurahi. Nikasema nisamehe kwa hilo.

Binti yake alianza kuniangalia vibaya.

"Nilikuwa nimekaa hapo," alisema Mkubwa. "Nilimsikia fundi. Mimi sijui kusoma, Mdogo, lakini mtaro najua ni wapi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu anajenga mahali ya kutawadha, mimi niseme nataka maji yake kwa majani?" Alipumzika. "Na ulikuwa mtoto. Ulikuwa na wivu kama mtu ana homa. Hiyo maji nimekusamehe. Zamani. Hiyo ni kitu kidogo."

Nilianza kulia. Nilishika mkono wake nikaubusu, nikataka kuinuka, kwa sababu nilifikiri tumemaliza.

"Lakini nyumba hujaomba," alisema.

Nilikaa tena. Aliongea polepole, akiangalia nje kupitia mlango, ambako nyuma ya mikonge kitu pekee cha kuona ni ukuta wangu. Alisema alikuwa na jua barazani kwake. Alisema alikuwa akianika nywele zake hapo baada ya kuoga, na mtama, na nguo za watoto, na miaka ishirini na miwili hajaota jua katika nyumba yake mwenyewe. Alisema mume wetu alimwonyesha kile kiwanja kingine kabla ya kunioa, akamwapia kwamba nitajengewa huko. Alitaka kujua ni nani aliyebadilisha.

"Ni mimi," nilisema. "Nilitaka mlango wangu uonekane kwanza."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu aliyoifanya siku nyingi.

"Basi nisamehe na hilo," nilisema.

"Bado."

"Mkubwa."

"Bado, nimesema. Wewe umekaa na yako miaka yote hiyo. Mimi niache nikae na yangu kidogo." Alifumba macho. Nilidhani amelala, na binti yake akaanza kumfunika shuka. Kisha akayafumbua. "Umekula?"

Nilisema sijakula. Nilisema sina njaa. Alimwambia binti yake aniletee chakula, na msichana akatoka akarudi na sinia ya wali na nyama ya ngamia, na ndizi pembeni kama wanavyokula kwao, akaiweka mbele yangu juu ya mkeka. Tonge la kwanza likanikwama. La pili likapita. Mkubwa alikuwa amegeuza kichwa juu ya mto akinitazama, hatabasamu wala hakunji uso, vile alivyokuwa akitazama watoto wote wa ua ule kuhakikisha wanamaliza.

"Na ndizi," alisema.

Nikamenya ndizi, nikala na wali, mpaka sinia ikawa tupu.